Tamale za Eleuterio

Wanangu hushangaa nikiwaambia kwamba mtu ninayemkumbuka kuliko wote si mama aliyenizaa, wala mume wangu wa kwanza, wala baba yao. Ni mama mkwe. Tena si kwamba alikuwa mpole. Nicanora alikuwa na ulimi wa kupasulia kuni. Siku niliyoingia nyumbani kwake nikiwa bibi harusi, nimevaa sketi tatu juu kwa juu na mkanda mpya wa sufu umezungushwa kiunoni mpaka pumzi zinanikata, alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, kisha akamgeukia mwanawe. "Eleuterio, umeniletea mke au umeniletea bata?" Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kwa zile sketi nilikuwa natembea kama bata kweli. Nililia siku mbili. Jina likanikaa mpaka alipokufa.

Na Eleuterio nilikaa naye miaka mitatu. Tulizaa binti, Lucina, tukamzika akiwa na miezi kumi na mmoja. Mwaka uliofuata, hamsini na nane, Eleuterio alipanda basi pale mjini Ixtlahuaca pamoja na wanaume wengine saba wa kijiji, wakaenda kaskazini kuvuna pamba ya Wamarekani. Zilikuja barua mbili, mwalimu akatusomea. Ya kwanza ilisema huko kuna joto. Ya pili ilisema joto bado lipo, na kwamba atarudi mahindi yakikomaa. Wale saba walirudi. Walipoulizwa walisema walitenganishwa naye kwenye shamba fulani, hawakumwona tena. Mahindi yalikomaa mara kumi.

Mwanamke aliyeachwa hurudi kwao, lakini kwetu hapakuwa na mtu wa kunifungulia mlango. Kwa hiyo tulibaki wawili, mjane na mwanamke asiyejua kama ni mjane, tukiishi kwa kung'oa mizizi. Mlimani kwetu kuna nyasi ngumu ambazo mizizi yake hutengenezewa brashi. Asubuhi tulipanda na majembe. Unachimba, unang'oa, unapigiza shina kwenye jiwe mpaka udongo uanguke, unakata mizizi na kuibeba mgongoni. Nyumbani unaiparua ngozi, unaiosha kijitoni, halafu unaifukiza kwa moshi wa salfa kibandani mpaka igeuke nyeupe. Nicanora hakuruhusu tung'oe nyasi zote mahali pamoja. Kila mashina mawili tuliyong'oa, la tatu tuliliacha. "Mlima ukiwa na upara," alisema, "hata mvua inaudharau."

Ule moshi ulitukohoza mwaka mzima. Tulikuwa tunakohoa kwa zamu, mmoja akianza mwingine anapokea, na Nicanora akisema tukiwa kanisani tungefukuzwa. Siku hizi hakuna anayefukiza mizizi tena, brashi zote ni za plastiki. Lakini mwaka jana nilipita mahali mtu alipomwaga salfa kwenye mizabibu yake, harufu ikanipanda puani, nikasimama pale njiani nikilia kama mtoto. Ningetoa chochote nikohoe naye tena siku moja.

Hakuzungumza lugha nyingine ila ya kwetu. Sokoni Ixtlahuaca, wauza vitambaa waliwacheka wanawake wa Kimazahua wakiongea, na wengi wetu tulijifunza kunong'ona. Nicanora yeye alipaza sauti. Kihispania chake kilikuwa maneno mawili tu, "ghali sana," na aliyatumia kwa kila jambo. Muuza kitambaa alimwambia siku moja aongee lugha ya watu. Akamkagua yule bwana, tumbo, viatu, masharubu, akamwambia, "Ghali sana," akaondoka. Soko zima lilicheka.

Hapo sokoni, siku za Jumatatu, ndipo tulipokuwa tunakaa jirani na Anselmo. Alikuwa Mwotomi kutoka milima ya Acambay, mjane wa miaka arobaini, anauza kamba alizozisokota mwenyewe kwa nyuzi za mkonge wa kwao. Lugha yao na yetu ni ndugu waliogombana zamani. Nusu unaielewa, nusu unakisia, na kule kukisia ndiko kutamu. Mwaka mzima nilimkisia Anselmo.

Nicanora alimchokoza kila wiki. "Ninyi Waotomi hata kamba mnaisokota kinyume."

"Inafunga, mama."

"Itafunga punda. Punda wenu."

"Punda wetu wana adabu, mama. Wakisalimiwa wanaitika." Hapo Nicanora alijifunika mdomo kwa shali asionekane akicheka, maana hakuwa amemwitikia salamu yake tangu asubuhi.

Mwezi wa tisa mwaka wa sitini na nane, Anselmo alikuja nyumbani na mjomba wake. Walileta kapu la mikate na kibuyu cha pulke, pombe ya mkonge, kama inavyopasa. Nicanora akawakaribisha jikoni, akawapa tortilla, chapati za mahindi, za moto na maharagwe, akasubiri wale washibe. Mjomba akasema maneno yote ya heshima ya kuposa. Nicanora akasikiliza mpaka mwisho.

"Mmeongea vizuri," alisema. "Lakini huyu ni mke wa mtu. Mwanangu yuko safarini."

"Safari ya miaka kumi, mama?" mjomba aliuliza polepole.

"Kaskazini ni mbali."

Anselmo alikuwa akitazama kofia yake. "Mama," alisema, "sikuja kukuvunjia heshima. Sikukuu ya wafu inakaribia. Kama siku hiyo jina la mwanao litaitwa, nitarudi. Lisipoitwa, nitajua ana mke bado, na nitahamia soko jingine. Sitakaa kila Jumatatu pembeni ya mke wa mtu."

Kwetu kila ukoo una kanisa lake dogo uani, chumba kimoja chenye msalaba na kengele. Siku ya wafu, mkubwa wa ukoo huwaita waliokufa mmoja mmoja kwa majina, na kengele hupigwa mara moja kwa kila jina, ili wajue nyumba yao ni ipi. Aliyeitwa pale ameshakuwa wa upande ule. Hata padri akitaka kujua kama mwanamke ni mjane, haombi karatasi; huuliza kama kengele imelia. Na kwa kuwa mumewe alikuwa ametangulia, mwenye kuita majina ya ukoo wao alikuwa Nicanora. Kwa miaka kumi alikuwa hajamwita Eleuterio wala kumwekea sahani.

Wageni walipoondoka nilimvaa. Sikuwahi kumpandishia sauti kabla ya hapo. "Kama amekufa," nilimwambia, "basi miaka kumi anasimama pale nje, anawaona wenzake wanaingia kula, na wewe mama yake unamfungia mlango."

Alikuwa anageuza tortilla kwenye kigae. Hakuinua macho. "Na kama yu hai, Bata? Mimi mama yake nimuue kwa mdomo wangu?"

"Na mimi je? Mimi ni nani humu ndani?"

Tangu hapo hakusema nami. Alisema na bata mzinga wetu. "Mwambie yule mwanamke chumvi imekwisha." Mimi nami nikamjibu bata mzinga, "Mwambie mama iko kwenye chungu cha bluu." Bata mzinga akakonda.

Niseme ukweli, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa. Nilitaka Eleuterio awe amekufa. Hakunikosea kitu, alikuwa kijana mzuri, mcheshi kama mama yake. Lakini nilikuwa na miaka thelathini, mikono imechubuka kwa mizizi, na Jumatatu palikuwa na mwanamume aliyenisogezea gunia lake nikalie. Nilikuwa nikipanda mlimani naomba, "Bwana, na iwe amekufa, na iwe hakuumia." Kisha namwangalia Nicanora mbele yangu, mgongo umepinda chini ya mzigo, naona aibu mpaka masikio yanawaka. Tukifika nyumbani nilimnawisha miguu. Alikubali.

Sikukuu ikafika. Vipepeo wa rangi ya chungwa walishaanza kupita juu ya mashamba kuelekea misitu ya magharibi, na wazee wakasema haya, wafu wenyewe wanakuja. Siku ya watoto tulimwekea Lucina wake: mkate mdogo, kikombe cha maziwa, tamale tamu moja, unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya ganda la hindi. Kesho yake tukaila ile tamale, mimi nusu na Nicanora nusu. Wafu hawali kama sisi, wanachukua ladha tu, mwili wa chakula wanatuachia. Tamale ya Lucina ilikuwa imepoa mdomoni kama unga mtupu. Hakuna sukari, hakuna kitu. Tulifurahi sote wawili. Kila mwaka alikuwa anakula yote, yule mtoto. Nicanora akasahau kwamba hasemi nami. "Ana tumbo kama baba yake," akasema.

Alasiri ya siku hiyo ilikuwa zamu ya wakubwa. Asubuhi alinituma mbali, mpaka shamba la bondeni, nikachume maua ya manjano. Niliporudi ubani ulikuwa umeshawashwa na jamaa wa ukoo wamejaa uani. Shemeji yake Tiburcio, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa ameshika kamba ya kengele. Tulimwaga petali kutoka barabarani hadi mlangoni, tukaingia.

Nicanora alisimama mbele ya msalaba akaanza. Hakuwa na karatasi, hakujua kusoma. Alianza na mababu ambao hakuna aliyewaona, akashuka. Jina, kengele. Jina, kengele. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimeshika ukuta. Nilijua mpangilio wote kwa moyo, nilijua wa mwisho huwa ni mumewe. Akamwita mumewe. Kengele ikalia. Tiburcio akaachia kamba, akavua kofia.

"Eleuterio," alisema Nicanora.

Watu waligeuka. Tiburcio akabaki ameduwaa na kofia mkononi.

"Piga," akamwambia. "Umekuwa kiziwi?"

Tiburcio akapiga. Nicanora akatoka bila kumtazama mtu, akaingia jikoni, akarudi na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Tamale nne za pilipili mbichi, zile alizokuwa anapenda Eleuterio, kali za kumtoa mtu jasho. Alizipika asubuhi wakati mimi nachuma maua. Akaziweka pembeni ya sahani ya mumewe, akasawazisha kitambaa, akakisawazisha tena. Nililokuwa nimeomba nimepewa, na sikuwa na pa kujificha. Wanawake walinishika mikono, wakanilia mimi mjane, na nikalia nao, na mpaka leo sijui nililia kwa ajili ya nani.

Siku ya tatu altare ilifunguliwa, jamaa wakala. Mchuzi haukuwa na ladha, mikate haikuwa na ladha, kila mtu akasema vizuri, wamekula, wameridhika, wakaaga. Sahani ya Eleuterio hakuigawa. Aliichukua jikoni, akaketi karibu na meko, akaniita.

"Kaa, Bata. Hii ni ya mimi na wewe."

Akafungua tamale ya kwanza, akaikata katikati. Akala. Alitafuna muda mrefu kuliko kawaida.

"Haina kitu," alisema. "Kama majani. Amekuja, mwanangu. Amekula." Akanisukumia nusu yangu. "Basi. Sasa uko huru."

Nikaitia mdomoni. Chumvi ilikuwepo. Mafuta ya nguruwe yalikuwepo. Pilipili ikanipanda moja kwa moja puani, macho yakajaa. Hakuna aliyekuwa ameigusa tamale ile. Ilikuwa tamu kama siku ilipotoka kwenye mvuke. Nikamwangalia Nicanora. Naye macho yamejaa, pua inamchuruzika, na juu ya mdomo ametoka jasho. Mtu anayekula majani hatoki jasho.

Kilichotakiwa ni ninyamaze tu. Kumeza na kusema ndiyo, mama, haina kitu. Kengele imeshapigwa, Anselmo atakuja, na huyu mwanamke amemuua mwanawe mbele ya ukoo mzima kwa ajili yangu, kwa hiari yake, kwa tamale nne. Ningenyamaza tu. Nilijaribu.

"Mama," nilisema, "ina pilipili."

"Huna ulimi wewe."

"Ina pilipili na chumvi. Hajaja."

"Nimesema haina kitu. Kula unyamaze."

"Unachuruzika pua, mama."

Akaipangusa kwa nyuma ya mkono, kwa hasira. "Ni moshi."

"Moto umezimika tangu asubuhi."

Alitazama meko. Kweli, majivu matupu. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani anacheka, kisha nikaona hacheki. Alijifunika uso kwa shali. Akakaa hivyo, nami nikamshika goti.

"Hajaja?" aliuliza ndani ya shali.

"Hajaja, mama."

"Hata kidogo? Hata harufu hajachukua?"

"Hata kidogo."

Alishusha shali. Katika miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumwona na uso ule, umelowa wote na umefurahi. "Basi yuko mahali anakula za kwake," alisema. Akachukua tamale ya pili, akaila yote. Nikala ya tatu. Ya nne tukagawana, tunavuta makamasi, tunakula kama watu waliotoka kuchimba. Hatukuacha hata ganda la kulamba.

Alipomaliza alinawa mikono, akajikung'uta. "Haya. Nenda kwa Mwotomi wako."

"Mama, lakini sasa tunajua..."

"Tunajua mimi na wewe. Kengele imelia, kijiji kimesikia, padri atasikia. Sijakuuliza unajua nini."

"Na akirudi?"

"Akirudi atanikuta mimi mlangoni. Nitamwambia mimi ndiye niliyekutoa, wewe hukutaka. Atanikasirikia mimi. Mtoto akimkasirikia mama yake, jioni atakula na kulala." Akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni, kama siku ile ya kwanza. "Miaka kumi nimekula jasho lako. Nilikuona unaomba mlimani, unadhani sikujua unaomba nini? Ningekuwa wewe ningeomba hivyo hivyo. Nenda, Bata."

Nikaolewa na Anselmo kabla ya kupanda mahindi. Nilimsihi Nicanora aje kukaa nasi Acambay, akasema hawezi kuishi mahali ambapo hata punda wanasema Kiotomi. Alisema lazima mtu awe mlangoni. Kwa hiyo kila sikukuu mimi ndiye niliyeshuka kwake, na mwaka uliofuata ukoo ulipata mshangao mwingine: aliita wote, akamwita mumewe, akanyamaza. Tiburcio akamkumbusha, "Na Eleuterio, shemeji?" Akamjibu, "Eleuterio nani? Aga uende." Walisema amezeeka, akili imeanza kutangatanga. Mimi na yeye tuliangaliana tu. Tukawa na siri, kama wasichana.

Aliishi miaka tisa mingine. Alikufa msimu wa mvua. Nilimwosha mwenyewe, nikamvalisha sketi zake zote, nikamzungushia mkanda wake kiunoni, mizunguko yote, nikaukaza kama alivyopenda. Sikukuu ya kwanza baada ya hapo, jamaa wakaniomba niite majina mimi, ingawa nilishaolewa kwingine, maana hakukuwa na mwingine aliyejua mpangilio. Niliita kuanzia mababu hadi mumewe, kisha nikamwita yeye. Kengele ikalia. Tiburcio, mzee sasa, hakuachia kamba. Alikuwa ananisubiri.

"Basi," nikamwambia. "Wameisha."

Kesho yake nilizila tamale za Nicanora. Hazikuwa na ladha hata kidogo, alikuwa amebeba yote. Nilicheka peke yangu jikoni, maana alikuwa ameacha hata ganda limenyauka.

Anselmo naye ana sahani yake siku hizi. Eleuterio angekuwa na miaka sabini na minane. Wanangu huniambia, mama, huyo mtu alikufa zamani, mwekee chakula apumzike. Yawezekana. Mimi nawaambia wanyamaze, mama yake hakutaka. Kila mwaka nashuka na basi la alfajiri kabla jamaa hawajaamka, nafungua ile nyumba ya Nicanora, nafagia, naweka kigoda mlangoni kinachotazama barabara, nakaa. Aliyeahidi kumweleza mwanawe akirudi hayupo tena. Mtu wa kumweleza nimebaki mimi.